Milionea wa Chupa Tupu

Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi ada. Habari hii huko kwetu Tanga imeenea vizuri, ila nusu yake ya pili hudondoka njiani: kusoma ni bure, kuishi ndiko kwenye bei. Ubalozi haukupi viza mpaka uonyeshe kwamba hela ya kujikimu mwaka mzima unayo. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, na sisi tusio na ufadhili kwa kawaida tunaziweka kwenye akaunti maalumu iliyofungwa. Kwa hela yetu ni zaidi ya milioni thelathini.

Ukoo ukachanga. Baba mdogo aliuza kiwanja, shangazi akavunja kibubu, mama akakopa SACCOS. Benki ilipotuma karatasi yenye jina langu na tarakimu zile, kuna mtu aliipiga picha (simtaji baba mdogo) akaitupia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Tangu siku hiyo mimi ni tajiri.

Ambacho picha haikuonyesha ni kwamba hela zenyewe hazishikiki. Zinatoka euro 992 kwa mwezi, kwa mgawo, kama maji ya bomba la mtaani kwetu, hata uwe umelala njaa tangu tarehe 25. Baba mdogo alipopiga simu kuhusu bodaboda anayotaka kununua, nilijaribu kumweleza.

"Hela ziko benki?"

"Ziko, baba mdogo."

"Na ni zako?"

"Ni zangu."

"Ila wanakupa kidogo kidogo, ya matumizi."

"Ndiyo."

Akanyamaza. "Mwanangu," akasema, "hiyo si akaunti. Hao wamekuoa."

Chumba nilipata Leipzig, kwenye nyumba ninayokaa na Wajerumani wawili. Tangazo lilisema euro 290. Kumbe hiyo ni kodi ya kuta tu. Joto, maji na uzoaji taka viliandikwa chini, kwa herufi za sisimizi, na jumla ikafika 370. Bima ya afya, ambayo bila hiyo chuo hakikuandikishi, inameza zaidi ya 120. Mchango wa muhula siulalamikii, maana tiketi ya tramu imo humo humo.

Joto ndilo linaloniuma. Wenzangu, katikati ya Januari, hufungua madirisha yote wazi mara kadhaa kwa siku ili kuta zisiote ukungu, na mkataba unataka hivyo hivyo. Mimi nasimama sebuleni na koti na soksi mbili mbili, nikitazama joto nililolilipia likitoka nje kwenda kuwapasha njiwa.

Kisha ikaja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Nilifurahi kweli. Hatimaye bili isiyonihusu! Televisheni sina, redio sina. Nikaketi na kamusi nikaandika barua ya heshima kueleza ufukara wangu wa vyombo hivyo. Nikajibiwa kwa heshima ile ile: ada hutozwa kwa nyumba, iwe na redio au isiwe nayo. Tukagawana watatu. Nilipomsimulia baba mdogo, aliuliza kama na yeye anaweza kuwatoza majirani, kwa kuwa redio yake inasikika mtaa mzima.

Mchana nakula kantini ya chuo, bei ya mwanafunzi. Jioni najipikia. Ugali nausonga kwa semolina, ambayo haikuzaliwa kwa kazi hiyo lakini inajitahidi. Siku moja dukani nilikuta parachichi lina kibandiko cha Tanzania, moja kwa euro 1.49. Nikalishika, nikaligeuza. Ndugu yangu huyu ametoka nyumbani, amevuka bahari, ameingia Ulaya na hakuna aliyemdai taarifa ya benki. Nikalirudisha mahali pake polepole. Tabaka letu si moja.

Sheria inaturuhusu sisi tunaotoka nje ya Umoja wa Ulaya kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au 280 za nusu siku. Mimi nafundisha Kiswahili, kwa saa, kwa watu wanaojiandaa kwenda Zanzibar. Hela ipo, lakini mkombozi wa mwisho wa mwezi ni chupa. Chupa ya bia ya kioo ina amana ya senti 8. Kopo na chupa nyingi za plastiki za kutupwa, senti 25. Jumapili yenye jua, vijana wakimaliza kuchoma nyama kwenye Clara-Zetkin-Park, huziacha chupa zimejipanga kando ya pipa ili mwokotaji asichafue mikono. Wastaafu wana maeneo yao na mimi huwapisha. Mkubwa ni mkubwa hata kwenye makopo.

Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo mzigo unalala chumbani hadi kesho yake. Mashine ya kurudishia chupa iko ukutani pa supamaketi, ina tundu la duara. Unaingiza chupa kitako kwanza, inavutwa, inazungushwa, inasomwa, namba inapanda. Kopo lililopondwa inalitema na kukuonyesha maandishi mekundu, foleni nzima ikisoma. Mwishoni inakupa karatasi ya kupeleka kwa keshia.

Basi Jumatatu moja niko mbele ya tundu hilo, mfuko umejaa chupa za bia hadi shingoni, nyuma yangu watu wanakohoa, nikasikia: "Shikamoo, mwalimu!" Mwanafunzi wangu, binti wa hapo hapo Leipzig, mwenye bidii ya kusalimia niliyoipalilia mwenyewe.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mwalimu, una chupa nyingi!"

Ngeli sawa, matamshi safi. Nikakubali kwamba ni nyingi. Kueleza zaidi nisingeweza. Darasa lilikuwa halijafika sura ya biashara.

Wiki iliyofuata niliwapa insha fupi, "Mwalimu Wangu". Yake ilisema: "Mwalimu wangu anatoka Tanga. Ni mtu mwema na mcheshi. Kila Jumapili anakunywa bia nyingi sana, lakini Jumatatu anaamka mapema." Mimi, mtoto wa madrasa, ambaye bia naijua kwa bei ya chupa yake tu. Nikashika kalamu nyekundu nikatafuta kosa la sarufi, mstari kwa mstari. Sikuliona. Nikampa kumi kwa kumi.