Silinda Namba 3 Haipatikani

Jumatatu

Gari limeanza kumisi kwenye mlima wa Kimara, jioni, Morogoro Road ikiwa imefunga. Ukikanyaga mafuta kistaarabu linakwenda. Ukikanyaga kwa haraka linatikisika, linasita, na bajaji yenye abiria watatu na gunia la mkaa inakupita. Taa ya injini imepepesa kwa muda, kisha ikatulia ikabaki inawaka.

Dashibodi inasema kilomita 287,000 na kidogo. Nilipolinunua ilisema 68,000, kama yanavyosema magari mengi yakishuka bandarini, kwa hiyo namba ya kweli anaijua Mungu na mzee fulani wa Japani.

Jirani, ambaye ana gari kama langu ila rangi tofauti, amesikiliza mlio akasema plagi. Mama watoto amesema mafuta machafu. Mlinzi wa mtaa amesema gia boksi. Boneti ilikuwa bado haijafunguliwa.

Jumanne

Gereji. Kijana amechomeka mashine chini ya usukani, ikatoa P0303. Tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda: kompyuta inashtaki kwamba silinda ya tatu haifanyi kazi na wenzake. Haisemi kwa nini. Silinda hugoma kwa kukosa cheche, kukosa mafuta au kukosa kompresheni, na kila kimoja kina ukoo wake wa watuhumiwa.

Kijana hakutaka kuingia kwenye ukoo. Amechana kipande cha boksi la filta akaandika: plagi 4, koili 4, nozeli 4, oksijeni sensa, kutoa masega.

"Bosi, tukibadilisha vyote, tatizo litakuwemo humo humo."

Hoja hii haina dosari yoyote isipokuwa bei. Kutoa masega tu ndiyo kazi aliyosema ataifanya bure. Ndani ya masega hayo ya kwenye ekzosi kuna platini, paladi na rodi, na kijana alikuwa na haraka ya kunipunguzia mzigo huo. Masega yenyewe hayana kosa. Taa ikipepesa, maana yake petroli isiyoungua inapita hadi kwenye ekzosi na kwenda kuungulia humo, na joto lake linaweza kuyayeyusha. Yaani aliyechomewa nyumba ndiye anayefukuzwa mtaani.

Fundi umeme wa gereji hiyo amependekeza njia rahisi zaidi: kuitoa balbu ya taa.

Nimelipia kupimwa, nikaondoka na kipande cha boksi.

Jumatano

Nimenunua kidude cha bluetooth cha kusomea misimbo kwenye simu. Kimesema P0303 pia, kwa hiyo sasa nina maoni mawili yanayofanana, moja likiwa langu.

Usiku nimesoma jinsi kompyuta inavyojua kwamba silinda imegoma, maana ndani ya silinda hakuna anayechungulia. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inapaswa kuwasha mafuta mara 100 kila sekunde. Kila mlipuko unausukuma mtaimbo wa kranki kidogo. Sensa ya kranki inahesabu meno ya gurudumu yanavyopita. Mlipuko mmoja ukikosekana, meno yanachelewa kwa kiasi ambacho mimi nisingekigundua hata ningekaa juu ya injini. Kompyuta inaangalia zamu ilikuwa ya nani na kumwandika. Tatizo ni kwamba barabara mbovu nayo inazitikisa tairi, mtikisiko unapanda hadi kwenye kranki, na waliotengeneza magari ilibidi waifundishe kompyuta kutofautisha shimo na silinda mgonjwa. Nimeifikiria kompyuta yangu, ambayo inalala mtaa usio na lami.

Alhamisi

Mvua. Limemisi toka getini. Nimepanda daladala.

Jumamosi

Jaribio la koili. Halihitaji spea wala mtabiri: unachomoa koili ya silinda ya tatu unaiweka kwenye ya pili, ya pili unaihamishia kwenye ya tatu, unafuta msimbo, unakwenda kutembea. Msimbo ukihama na koili, umempata mtu wako. Usipohama, koili iachwe huru, uanze na plagi, kisha nozeli.

Nimeazima rangi ya kucha kwa binti yangu ili kuiwekea alama koili. Ametaka kujua itatumika wapi. Nimemwambia kwenye injini. Amenipa ile asiyoipenda.

Boliti ya pili imedondoka ikaingia kwenye kinga ya chini. Nikiwa nimeinama kuitafuta, spana namba 10 imenitoka mkononi nayo ikaifuata. Jirani amekuja na tochi. Tumepata spana ya mtu mwingine, namba 12, yenye kutu ya siku nyingi, ila si yangu wala boliti. Koili ikafungwa kwa boliti kutoka kwenye kitanda cha mtoto, urefu umelingana.

Nimekwenda hadi Mbezi na kurudi. P0302. Msimbo umehama na rangi ya kucha.

"Si nilisema plagi?" jirani amesema.

Jumatatu

Gerezani, kununua koili. Muuzaji ana za aina tatu: orijino, kopi na ya mtumba. Zote zimeandikwa "genuine", na ya kopi ndiyo iliyoandikwa vizuri zaidi. Nimechukua ya mtumba, iliyotoka kwenye injini ambayo muuzaji ameapa ilikuwa inatembea. Hakusema ilisimama kwa nini.

Nimepelekwa kwa mzee mmoja mwenye kibanda nyuma ya maduka. Hakuuliza msimbo. Amechomoa plagi ya silinda ya tatu, akaifuta kwa kidole gumba, akanielekeza kwenye porseleni yake nyeupe: mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli, kutoka juu hadi kwenye chuma. Cheche ilikuwa inateremka hapo kwa nje badala ya kurukia kwenye ncha. Koili inaubeba umeme wa betri, volti 12, na kuupandisha hadi zaidi ya volti 20,000, na umeme wa namna hiyo ukipata njia ya mkato haurudi kwenye njia kuu. Mlimani ndiyo zaidi, kwa sababu ndani ya silinda hewa imebanwa na kuruka ni kazi.

Halafu ametumbukiza bisibisi kwenye tundu la plagi ikatoka na oili. Gasiketi ya tapeti kava imezeeka, oili imeingia kwenye tundu, imelainisha mpira wa koili, mpira umeachia umeme, koili imekufa. Ningefunga koili mpya bila kugusa gasiketi, nayo ingekufa.

Gasiketi ni ya bei ya kawaida kabisa, na haikuwemo kwenye kipande cha boksi.

Jumanne

Halimisi. Limepanda Kimara bila kusema neno. Nimepita bajaji mbili nikazitazama.

Ila feni ya rejeta inavuma toka nimewasha, na haizimi. Kidude: P0118. Nimefungua ukurasa wa joto la maji ya injini, umeandika nyuzi 40 chini ya sifuri. Nje, Kimara, watu walikuwa wanauza maji ya kandoro.

Sensa ya joto hilo kadiri inavyopata joto ndivyo upinzani wake wa umeme unavyopungua. Waya ukikatika, upinzani hauna mwisho, na kompyuta inasoma baridi kali kuliko zote ilizofundishwa. Kisha, kwa kuwa haiamini inachokisoma, inawasha feni moja kwa moja, isije injini ikachemka bila taarifa. Soketi ya sensa ilikuwa imechomoka wakati tapeti kava linafunguliwa kubadilishwa gasiketi. Imerudishwa kwa kidole, imelia "ka", feni ikanyamaza.

Jirani ameuliza kelele ile ilikuwa ya nini. Nimemwambia gari lilikuwa linasikia baridi. Ameitikia kwa kichwa.

Ijumaa

Taa. P0171: mchanganyiko mwembamba, hewa nyingi mafuta machache. Kwa kuwa habari hii huletwa na oksijeni sensa, fundi wa karibu na kazini ameshauri ibadilishwe oksijeni sensa. Mjumbe hauawi, nimemwambia. Amesema wake ni wa Japani kabisa, wa mtumba.

Nimeangalia nyongeza ya mafuta kwenye simu. Gari likiwa limesimama linanguruma, kompyuta inaongeza petroli asilimia 22 juu ya kawaida yake. Nikipandisha mizunguko hadi 2,500, nyongeza inashuka hadi 6. Pampu ikiwa imechoka ingekuwa kinyume, nyongeza ingepanda na kazi. Hii ni hewa ya kuibia: injini ikinguruma tu inavuta hewa kidogo, na tundu dogo linakuwa sehemu kubwa ya hewa hiyo, ikichangamka, tundu halionekani.

Mzee wa Gerezani amepuliza dawa ya kusafishia kabureta, kidogo kidogo, kwenye mipira ya hewa, injini ikiwa haijapata moto sana. Alipofika nyuma, mlio ukabadilika. Mpira umepasuka mwishoni. Amekata kipande chenye ufa akaurudisha, umebaki mfupi lakini umefika. Hakutaka hela. Nimemwachia ile spana namba 12.

Jumapili

Jirani amekuja kuomba koili ya zamani. Nimemwambia imekufa, nikamwonyesha rangi ya kucha. Amesema za kwake zote nzima, ila si vibaya mtu kuwa na ya akiba, na pengine kwangu ilikuwa haijapendana na gari.

Jioni amerudi kuazima kidude. Amenipigia kutoka barabarani, nyuma yake honi nyingi, kuuliza P0301 ni plagi ya upande gani.