Damu ya mzee

Mbuzi alikuwa mweupe mpaka juzi saa kumi jioni. Sasa ana mabaka ya damu ya mzee kuanzia shingoni hadi mkiani, na watu watatu wa hapa Sepuka wameshapita kwa mama mkwe kuulizia kilo anauza shilingi ngapi.

Damu ya mzee, kwa asiyejua, ni rangi nyekundu iliyokolea; yangu ilikuwa ya mafuta, ile ya kopo. Nilikuwa nailenga kwenye geti la mama mkwe.

Nilijitolea mwenyewe, hilo ndilo linalouma. Fundi wa brashi alisema siku mbili. Nikamwambia mama, "Mimi nina spreigani, nusu saa tu." Nikafika na kompresa kwenye guta kama mtu anayeleta posa mara ya pili.

Spreigani ni kitu cha heshima ukikijua. Kifyatulio chake kina hatua mbili. Ukikivuta kidogo inatoka hewa peke yake, kama mzee anayekohoa kabla ya kuanza maneno. Ukiendelea kuvuta, sindano ndefu iliyolala ndani inarudi nyuma, inaachia tundu la nozo (yangu ni milimita 1.4), rangi inashuka kutoka kwenye kikombe cha juu na kukutana na hewa kwenye kofia ya mbele, inapasuliwa kuwa ukungu. Kofia ina pembe mbili zenye vitundu, na hewa ya pembe hizo ndiyo inayoubana ukungu kutoka kushoto na kulia mpaka unakuwa bapa, badala ya duara. Ukiachia, sindano inatakiwa ifunge kwanza, hewa ifuate, lisibaki tone mdomoni.

Inatakiwa.

Desemba, baada ya kazi ya mwisho, niliambiwa nipake sindano na springi mafuta kidogo kabla ya kuihifadhi. Sikuambiwa mafuta yapi, na mtu anayeishi Singida akiambiwa mafuta atawaza nini zaidi ya alizeti? Nikapaka sindano, nikapaka springi, nikaona uchoyo kuinyima valvu ya hewa, nayo nikaipaka. Jamani, alizeti inakauka. Kaguse shingo ya chupa ya mafuta jikoni kwako: ule utando unaonata na kukusanya vumbi ndio huo. Mafuta hayo yakikaa wazi yananyonya oksijeni ya hewani, chembe zake zinashikana, yanakuwa gundi. Kwa miezi minane nilikuwa nimeitunza spreigani yangu ndani ya ulimbo.

Mkono wa kwanza ulitoka vizuri, shubiri moja kutoka kwenye bati, majirani wakitazama. Nikaachia kifyatulio. Chenyewe hakikuachia. Rangi ikaendelea kumwagika kwa furaha. Nikageuka kumpigia kelele shemeji azime kompresa, na spreigani ikageuka pamoja nami. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mpapai. Shemeji akachomoa waya, akasimama akingoja kushukuriwa, lakini tangi la lita 50 likishajaa hewa halijali kama mota inazunguka au imelala. Likapuliza mpaka lilipotosheka. Kilichomkosa mbuzi kikachukuliwa na upepo wa Singida, huu ambao kwa miaka watu wanazungumzia kuujengea mitambo ya umeme, kikapelekwa kwenye kanga zilizoanikwa.

Mama hakupiga kelele. Angepiga ningepona. Alitoka, akamtazama mbuzi, akanitazama, akasema taratibu, "Baba Neema, pole na kazi. Njoo unywe chai."

Usiku nikaifungua yote. Ulimbo ulikubali thina na mswaki wa zamani. Kipande kile cha geti nilichofanikiwa nacho kilikuwa na kasoro, rangi nene upande mmoja, na hapo kuna ujanja ninaoupenda kuliko vyote: geuza kofia ya hewa nusu mzunguko, pulizia boksi. Unene ukihama, uchafu uko kwenye kofia. Ukibaki palepale, kamata nozo. Ukahama. Kitundu cha pembe moja kilikuwa kimeziba, nikakizibua kwa kijiti cha kuchokolea meno, kwa sababu kofia ya kwanza niliizibua kwa msumari ikawa chujio la chai.

Spreigani yangu ya kwanza kabisa niliilaza nzima ndani ya thina usiku kucha, gasketi zikavimba. Dukani nikaulizia gasketi peke yake. "Nunua mpya," nikajibiwa.

Na kuna kabati nililolipuliza likatoka macho ya samaki, vile vishimo ambamo rangi inakimbia alama ya mafuta. Sepuka tuko mbali na ziwa, mteja akasema angalau nimemletea samaki.

Spreigani yenyewe ilianzia kooni. Allen DeVilbiss, daktari wa Toledo, Ohio, alitengeneza miaka ya 1880 kipulizio cha kunyunyizia dawa kwenye koo za wagonjwa wake, na mwanawe Thomas ndiye aliyekigeuza kuwa cha rangi mwanzoni mwa karne ya 20. Nilipolijua hilo nilicheka, halafu nikamkumbuka aliyenifundisha kuishika. Alikuwa fundi wa magari, mdomoni amefunga kipande cha fulana, akipuliza rangi za kuchanganya na kigumishi. Vigumishi hivyo kwa kawaida vina isosianeti, na isosianeti inaleta pumu. Leo akitoka kisimani anapumzika mara mbili njiani. Wateja walikuwa wakimrudishia gari kwa punje moja ya vumbi kwenye boneti. Hakuna aliyewahi kurudi na barakoa yenye chujio, na mimi niliyekuwa nashika kikombe sikuwahi hata kuuliza inauzwa wapi.

Geti bado lina mkono mmoja wa rangi. Jana mama alimpa mtu wa bodaboda anayekwenda mjini hela ya brashi, inchi tatu. Nilikuwa nimekaa hapohapo, kwenye kiti cha wageni, na yule mbuzi ananitazama.