Saba Saba Saba

Kila fundi wa seva wa mtaani ana dawa moja ya magonjwa yote, nayo inaitwa saba saba saba. Tovuti haifunguki? Saba saba saba. Picha hazipandi? Saba saba saba. Plagini imekataa kusakinishwa, mteja amenuna, na fundi ana miadi kwingine saa kumi? Anaandika chmod, ile amri ya kubadilisha ruhusa za faili, anatia -R ili amri ipenye hadi folda za ndani kabisa, anamalizia na 777, anafunika kompyuta, anaomba nauli.

Kwa Mtanzania namba hiyo inaleta picha ya viwanja vya maonyesho pale Barabara ya Kilwa, mwezi wa saba, watoto wanalilia puto na watu wazima wanaingia kila banda kushikashika kila kilichowekwa mezani. Picha hiyo ni sahihi kabisa. Tofauti ni kwamba Sabasaba ile, getini unakata tiketi.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Ukizijumlisha unapata 7. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kundi lake, ya tatu ni ya wengine wote waliomo kwenye seva. Utaratibu huu umetokana na Unix, mfumo ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell Labs huko Marekani, enzi ambazo kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi na kila mmoja alitaka kazi yake isichezewe na wa meza ya pili. Zaidi ya nusu karne baadaye, utaratibu huohuo ukamzuia shangazi yangu wa Tanga kuongeza kitufe cha kuchapa kwenye maelekezo yake ya mkate wa mchele.

Shangazi ana blogu ya mapishi. Zamani alikuwa kwenye mtandao wa kijamii, akahama kwa hasira kwa sababu matangazo ya dawa za kupunguza tumbo yalikuwa yanajitokeza katikati ya biriani yake, akaona ni matusi. Akataka pake. Ukoo ukachanga, ikakodiwa seva ndogo iliyoko Ujerumani, na kazi ya kuweka WordPress akapewa mpwa wangu, kwa kuwa kwetu aliyewahi kunasua karatasi iliyokwama kwenye printa anahesabiwa injinia.

WordPress ni ya mwaka 2003. Matt Mullenweg na Mike Little waliichukua programu ya kublogu iitwayo b2, ambayo mwenyewe alikuwa ameitelekeza, wakaiendeleza kwa jina jipya. Matoleo yake makubwa hupewa majina ya wanamuziki wa jazi. Shangazi, mtu wa taarabu, alipoelezwa hivyo aliuliza mbona hakuna la Siti binti Saad, na mpaka leo hajapewa jibu la maana. Toleo la 3.7, la Oktoba 2013, lilipewa jina la Count Basie, na ndilo lililoleta jambo lililonifanya nikose usingizi: programu kujisasisha yenyewe, bila kubisha hodi, kwa yale marekebisho madogo ya usalama. Mwaka 2020 toleo la 5.5 likakuruhusu kuziingiza na plagini katika mpango huo. Shangazi alifurahi. Kitu kinachojifanyia kazi chenyewe ndicho alichokuwa akikiomba tangu alipopata wajukuu.

Kisha akapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine inaniuliza mimi ni nani."

Alikuwa amebonyeza kusasisha plagini, na WordPress ikamwomba taarifa za FTP, ile njia ya kizamani ya kupandisha mafaili kwenye seva. Palipotakiwa jina la mwenyeji alikuwa ameandika jina lake kamili pamoja na la marehemu mumewe, kwa kuwa nyumba ni yao wote wawili. Palipotakiwa nywila akaweka namba ya siri ya pesa za simu. Ilipokataliwa, akaweka ya benki.

"Shangazi, futa kila kitu."

"Nimeshafuta. Sasa nilikuwa najaribu mwaka aliozaliwa baba yako."

Nikampigia mpwa. Akanituliza kwa sauti ya daktari bingwa. "Mjomba, hiyo ni pemisheni tu. Nipe dakika mbili." Zikapita. "Tayari. Nimeipiga saba saba saba."

Shangazi akabonyeza tena. Mashine ikamuuliza tena yeye ni nani.

Hapa ndipo panaponichekesha kila nikikumbuka, kwa sababu mpwa alifungua milango yote ya nyumba na mgeni bado akabaki nje anagonga. WordPress haiangalii namba peke yake. Ikitaka kusasisha, kwanza inaandika kifaili cha majaribio, kisha inatazama kifaili hicho kimesajiliwa kwa jina la nani, halafu inalinganisha jina hilo na la mwenye mafaili ya programu. Yakifanana, inaendelea na kazi. Yakitofautiana, haijiamini, ndipo inapoomba FTP. Mpwa alikuwa amesakinisha kila kitu akiwa root, yule mkuu wa seva asiyekatazwa kitu. Lakini programu inayopokea wasomaji na kuendesha blogu, kwenye Debian na Ubuntu, hufanya kazi kwa jina la www-data. Kwa hiyo www-data akaandika kifaili chake, akakuta nyumba ni ya root, akarudi nyuma kwa adabu. Ungempa hata saba kumi, jibu lake lingekuwa hilohilo.

Nilijaribu kumweleza shangazi.

"Huyo Data ni nani?"

"Ni mtumiaji wa seva, shangazi. Ndiye anayewapokea wageni wako."

"Ana kwao?"

Nikakiri kwamba hana. Katika seva nyingi www-data hana hata ruhusa ya kuingia na kupewa mstari wa kuandikia amri. Shangazi akaguna. Mtu asiye na kwao, anapokea wageni nyumbani kwake, hata jina la baba halijulikani. Alitaka aondolewe siku hiyohiyo.

Wakati huo mpwa alikuwa amesoma mahali fulani kwamba 777 ni hatari, na katika hili alisoma vizuri. Kwenye seva inayotumiwa na wengi, saba ya mwisho inamruhusu yeyote mwenye akaunti, na programu yoyote iliyovamiwa, kuandika ndani ya faili lako. Akasoma pia kwamba faili za WordPress zinatakiwa kuwa 644. Nalo ni kweli. Kilichomponyoka ni sentensi iliyofuata, kwamba folda zinatakiwa 755. Akaichukua 644, akaitia -R, akaimwaga juu ya kila kitu.

Folda ina mambo yake. Ile 1 ambayo kwenye faili ina maana ya kuendesha programu, kwenye folda ina maana ya kupita na kufikia vilivyomo. Ukiiondoa, unaweza kuruhusiwa kusoma orodha ya majina yaliyo ndani na usiweze kukigusa hata kimoja. Root peke yake ndiye hakuhisi kitu, kwa hiyo kwa mpwa kila kitu kilionekana shwari. Kwa wasomaji, tovuti nzima ikaandika kwa Kiingereza kikavu kwamba ni marufuku. Visheti marufuku. Kaimati marufuku. Mchuzi wa pweza marufuku. Na ilikuwa Ramadhani, alasiri, saa ambazo nusu ya wanawake wa Tanga wana unga mikononi na simu zimeegemezwa kwenye kopo la sukari.

Simu ya shangazi ilipoita sikupewa hata nafasi ya shikamoo. Alikuwa amepigiwa na shoga zake waliotaka kujua amegombana na nani mpaka serikali imemfungia futari.

Nilimkuta mpwa anahangaika na namba kama mtu anayebahatisha kufuli ya sanduku: 775, 664, 750. Watu wengi hukwama hapo hapo. Namba zinaonekana kama ndizo zenye nguvu, zinaandikika haraka, na kila moja ina mtu mtandaoni anayeapa kwamba ndiyo iliyomwokoa. Lakini tarakimu ya kwanza inamtaja mwenye faili, na ikiwa hujui mwenye faili ni nani, unagawa ruhusa gizani. Amri iliyohitajika ilikuwa nyingine kabisa, chown, inayobadilisha jina la mwenye mali. Tukamfungulia shangazi akaunti yake kwenye seva, mafaili yote yakaandikwa jina lake, na PHP inayoendesha blogu ikapangwa ifanye kazi kwa jina hilohilo. Folda zikarudi 755, faili 644, na wp-config.php, lile lenye nywila ya hifadhidata, likapewa 600 ili asilisome mwingine. Www-data akabaki na kazi ya kuwapelekea wageni picha na kurasa, bila ruhusa ya kuandika popote. Shangazi alipoambiwa kwamba seva sasa inamtambua kwa jina, akasema ilichelewa.

Wapo mafundi waangalifu ambao wangetupinga. Wao husema programu isiachiwe kabisa kujiandika upya, kwa sababu plagini moja ikiwa na tundu, mvamizi naye ataandika kwa jina la mwenye nyumba. Hoja yao ni nzito. Ila hoja hiyo inahitaji mtu aliye macho, anayesasisha kwa mkono siku ileile marekebisho yanapotoka, na kwetu mtu huyo ni mpwa. Tarehe 26 Januari 2017 lilitoka toleo la 4.7.2, likiziba tundu lililomwezesha mtu baki kubadilisha maandishi ya blogu bila hata kuingia. Watengenezaji walinyamaza kwa siku chache kuhusu tundu hilo ili blogu zijisasishe kwanza, wakalitangaza tarehe 1 Februari. Ambao masasisho yao yalikuwa yanajiendesha walilala salama. Waliobaki nyuma walivamiwa, na kurasa zilizoandikwa upuuzi juu yake zikazidi milioni moja. Nikipima pande zote mbili, kwa mtu wa umri na shughuli za shangazi, kujisasisha kunashinda.

Sisemi kwamba mashine haikosei. Februari 2018 lilitoka toleo la 4.9.3, likajisambaza lenyewe duniani kote, likiwa na hitilafu moja: lilizima uwezo wa kujisasisha. Kesho yake wakatoa 4.9.4 ya kurekebisha, ambayo kwa sababu hiyo haikuweza kufika yenyewe, ikabidi watu waifuate kwa mkono na kubonyeza. Nilipomsimulia shangazi alicheka hadi akakaa chini, kisha akasema huyo aliyeandika naye lazima ni mpwa wa mtu.

Tena kuna hili ambalo wengi hawalijui: saa ya WordPress haina betri. Kazi zake za ratiba, ikiwemo kuangalia masasisho, huamka pale mgeni anapofungua ukurasa. Blogu ya shangazi haina shida, wageni wake hawakatiki. Tunayo blogu nyingine, ya ukoo, inayotembelewa tu kukiwa na msiba au mgogoro wa kiwanja. Ile inaweza kukaa na toleo la zamani muda mrefu, ikisubiri mtu mmoja afungue. Unaweza kuipangia seva yenyewe iigonge kila baada ya muda kwa cron ya mfumo, na sasa tumepanga hivyo; kabla ya hapo, kwa kweli, usalama wake ulitegemea vifo.

Sasa kila sasisho linapokamilika WordPress humtumia shangazi barua pepe kumwarifu. Yeye hunipigia ili nimsomee, ingawa ujumbe ni uleule na anajua kusoma. Mpwa amepata kazi kwenye kampuni ya watu, ambako sijauliza anaweka namba gani.

Nawe ukisikia fundi wako anatamka saba saba saba, mshike mkono kabla hajabonyeza. Mwambie aandike kwanza ls -l. Safu ya tatu katika orodha itakayotokea ndiyo jina la mwenye faili.