Mandazi Mawili ya Mazda

Nachingwea haikuanza jana kupokea mashine za ajabu kutoka ng'ambo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa kulima karanga Tanganyika ili wapate mafuta ya kupikia kwao, na kusini sehemu yenyewe ilikuwa hapa. Wakaleta matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyovuliwa mizinga. Wakajenga na reli kutoka pwani. Mwaka 1951 mpango ukafa, na reli nayo ikaja kung'olewa. Kwa hiyo mpwa wangu alipoingia mjini na Mazda RX-8 nyekundu, iko chini kabisa, inakwangua kila tuta, wazee hawakushtuka. Waliuliza tu itafia wapi.

Ilifia uani kwa dada yangu, asubuhi ya harusi ya binti yake. Bibi harusi alikuwa aende Ruangwa kwa wakwe, na mpwa wangu, kaka mtu, alikuwa amekula kiapo kwamba dada yake hapandi kitu kingine chochote isipokuwa hiyo Mazda.

Mtu anaweza kuuliza kijana mwenye akili zake ananunuaje gari la namna hii. Jibu ni bei. RX-8 zilitengenezwa kati ya 2003 na 2012, na wengi walionazo wanatamani kumwachia mwingine. Mpwa wangu aliona rangi, akasikia mlio, akaambiwa bei. Hakujiuliza kwa nini muuzaji anatabasamu kiasi kile. "Mjomba, ni lita 1.3 tu, lakini ikanyage uone!" Dada yangu mkubwa, ambaye ni shangazi wa nusu ya mtaa, alikuwa na shida nyingine. Milango ya nyuma ya gari lile inafunguka kinyumenyume, haina kitasa nje, na haifunguki mpaka ule wa mbele ufunguliwe kwanza. Alilizunguka gari lote akipapasa, akauliza kama bibi harusi ataingizwa kwa dirishani.

Msiba wenyewe uliandaliwa jioni ya kuamkia harusi, na ulianza na turubai. Waliokuwa wakifunga turubai walikuta gari limekaa pale panapotakiwa kuchimbiwa nguzo. "Kaka, tusogezee kidogo." Kijana akaingia, akawasha, akarudi nyuma mita mbili, labda tatu, akazima. Watu wakamshukuru. Hakuna aliyejua kwamba gari limeshauawa.

Asubuhi stata ikawa inazunguka vizuri tu, lakini injini haishiki. Akapiga tena. Akapiga tena. Harufu ya petroli ikapanda mpaka kwenye masufuria ya pilau, na wapishi wakaanza kuguna.

Kwetu gari likigoma halikosi waganga. Kijana wa bodaboda alisema vuta choki. Akaambiwa haina choki. Akasikitika kwa niaba ya Wajapani. Dereva wa kirikuu alisema pampu ya mafuta imechoka. Mwalimu mstaafu alisema mafuta ya kidumu hayo, yana maji. Babu mmoja, ambaye baba yake aliwahi kuwa mpaka-grisi enzi za karanga na kwa hiyo yeye ndiye msemaji wa mwisho wa mitambo wilayani, aligonga boneti kwa fimbo akatamka: "Mafuta hayafiki." Wote wakaafiki. Petroli inawachoma macho, na wote wamekubaliana kwamba mafuta hayafiki! Kila aliyetoa ushauri alimalizia na neno lile lile: "Piga tena." Na kila alipopiga tena, injini ilimiminiwa dozi nyingine juu ya ile iliyoizamisha.

Tukasukuma. Vijana wa suti na viatu vya ncha, kwenye mchanga, nyuma ya gari lenye matairi mapana. Klachi ilipoachiwa, ekzosi ikatoa mshindo mmoja uliotawanya kuku, mbuzi wa jirani na kikundi cha ngoma. Ilikuwa petroli isiyoungua iliyokuwa imejaa kwenye bomba. Ilipata cheche ikaamua kuungua huko huko. Gari likasimama. Simu kutoka Ruangwa ikaita: mko wapi? Dada yangu akajibu kwa sauti tulivu, "Tuko njiani."

Hapo ndipo alipoletwa fundi, kijana wa karibu na stendi, mzoefu wa bodaboda na kirikuu. Alinusa tu. "Hii imejaza," alisema, na mimi nikampenda papo hapo. Kisha akainama ndani ya boneti, akakaa kimya muda mrefu.

"Dogo, ina pistoni ngapi?"

"Haina pistoni."

"Haina?"

"Ina rota mbili. Za pembe tatu."

Fundi akanitazama mimi kama mtu mzima wa pale. Nikamweleza nilichokisoma usiku kwenye kitabu cha gari: injini hii ni ya Mjerumani Felix Wankel, na Mazda wa Hiroshima ndio walioing'ang'ania wenzao walipoiacha. Ndani kuna vitu viwili vinavyofanana na andazi, pembe tatu na mbavu zilizovimba, vinazunguka kwenye chemba. Kila pembe ina sili nyembamba inayokwangua ukuta, na oili kidogo inachuruzishwa ndani ili sili hizo zibane. Injini ikiwashwa baridi hupewa petroli nyingi ipate kupasha. Ukiizima kabla haijapasha, petroli inabaki ndani, inaosha oili ukutani, sili hazibani tena, na kompresheni inapotea. Hapo hata cheche ziwe nzuri namna gani, hakuna kinachowaka.

"Kwa hiyo mandazi yamelowa," alisema fundi, akadai jeki.

Plagi za gari hili zipo nne, mbili kwa kila rota, na zinafikika vizuri kwa upande wa gurudumu la mbele kushoto. Zilitoka zinachuruzika, nyeusi kwa masizi. Fundi alizipangusa kwa kanga aliyopewa kwa moyo mzito, kisha akazipeleka kuzikausha kwenye jiko la mkaa, pembeni ya sufuria la pilau. Ulilipuka mwali wa bluu kimo cha mwiko. Mpishi mkuu alisema maneno ambayo hayaandikiki, na nyama ikahamishiwa ua wa pili.

Yaliyobaki tulielezwa kwa simu na fundi wa Dar es Salaam aliyelijua gari hili. Chomoa fyuzi ya pampu. Zungusha stata bila plagi ili petroli itemwe nje. Tia oili kidogo kwa bomba la sindano kwenye matundu. Rudisha plagi, rudisha fyuzi, kanyaga mafuta mpaka mwisho huku unapiga stata. Ukifanya hivyo kompyuta hufunga petroli na kuingiza hewa tupu, kisha achia taratibu. Babu alisikia "kanyaga mafuta" akacheka kwa ushindi.

Betri ilikuwa imekwisha kwa "piga tena" zote zile. Tukaazima ya kirikuu.

Wakati huo bibi harusi alishaondoka kwa Noah ya jirani. Wakwe zetu wa Ruangwa, ambao tangu timu yao ya Namungo ipande ligi kuu hawazungumzi ila kwa lugha ya mpira, walituma ujumbe kwamba wameona tumefanya sabu. Mazda iliwaka alasiri, ikatoa moshi mzito wa oili uliofunika turubai lote, kisha ikanguruma vizuri. Tulifika Ruangwa tukakuta ukoko.

Baadaye gari lilipelekwa Dar es Salaam, na mafundi wa huko walikuta koili mbili dhaifu na stata iliyochoka. Zimebadilishwa, na moshi mweusi umepungua. Ukiwa na gari la aina hii na ukaombwa ulisogeze, liwashe na uliache mpaka mshale wa joto upande ndipo ulizime. Kama huna muda huo, weka gia huru, achia breki ya mkono, uwaite vijana wasukume.