Kwa Heshima ya %%c

Washairi wamelisifu jua, bahari na hata tambuu. %%C hakuna aliyeikumbuka. Ni dhuluma. Katika AutoCAD, programu ya kuchorea ramani iliyotoka mwaka 1982, anayetaka alama ya kipenyo huandika alama mbili za asilimia na c. Akitaka nyuzi za pembe, %%d. Akitaka jumlisha-au-toa, %%p. Ikinakiliwa kwenye barua ya kawaida, hubaki %%c vilevile, mithili ya fundi aliyeingia harusini na ovaroli. Nami naisifia ovaroli hiyo, kwa kuwa kosa baya machoni hukamatwa, na kosa nadhifu hupita. Mji wa Mansfield, kusini-mashariki mwa Fort Worth huko Texas, ni shahidi. Waasisi wake, R. S. Man na Julian Feild, walijenga kinu cha matofali cha ghorofa tatu, na kutokana na majina yao mji ukaitwa Mansfeild. Waandishi wakazidi kupanga herufi kwa mazoea, hata mji ulipopata hadhi ya manispaa mwaka 1890 ukawa Mansfield. Bwana Feild kaibiwa jina mchana kweupe, na kosa lenyewe linapendeza kuliko haki yake.

Ndivyo zinavyotenda alama zinazofanana. Ø ni herufi ya Wadenmark na Wanorwe; ∅ ni seti tupu ya wanahisabati; ⌀ ndiyo kipenyo hasa. Machoni pa msuka nondo zote ni duara lililokatwa mstari, ila kompyuta inayotafuta mojawapo haitaziona nyingine. Mpima ardhi akiinua sifuri ndogo badala ya alama ya nyuzi, siku mpangilio ukipotea mpaka wa nyuzi 45 utasomeka 450. %%d haina ulaghai huo: fonti ikikosa alama, hutokea alama ya kuuliza, nayo angalau inauliza.

Watasema ni mzigo kukariri c, herufi ambayo Kiswahili hakiiruhusu kutoka bila h. Kweli, lakini kitufe cha asilimia kipo Mansfield na kipo Kariakoo. Watasema pia menyu ya alama ipo. Ipo, kwenye kihariri cha maandishi ya mistari mingi. Kwenye mstari mmoja haifunguki. Na hata pale inapofunguka, kando ya neno la kipenyo imeandikwa, kwa adabu zote, %%c.