Toa Ulimi

Mei 2024, magavana wa Mombasa na Kilifi walipotangaza kuupiga marufuku muguka, majani ya kutafuna yanayochangamsha kama miraa, Pwani nzima iliingia kwenye mdahalo. Ndani ya matatu, barazani, kwenye foleni ya maji, kila mtu alikuwa na msimamo. Mahakama Kuu ya Embu, huko huko unakolimwa muguka, ikazisimamisha amri hizo, na zogo likapamba moto upya. Mwalimu mmoja wa Kiswahili viungani mwa Malindi akaona mada imejileta yenyewe: "Biashara ya muguka ipigwe marufuku."

Kura zikapigwa. Mvulana wa kidato cha tatu, mkaazi wa Ganda, ambaye hata mchicha hautafuni bila kunung'unika, akaangukia upinzani. Kazi yake ikawa kuutetea muguka.

Kama watahiniwa wengi wa Kenya, aliamini kwamba hoja hujengwa kwa viunganishi. Insha ya mtihani wa KCSE haitakiwi kupungua maneno 400, na wanafunzi wamegundua zamani kwamba "fauka ya hayo," "isitoshe" na "sanjari na hayo" humfikisha mtu huko bila kusema lolote. Rasimu yake ya kwanza iliwasalimu mwenyekiti, katibu, mtunza wakati, majaji, walimu na wapinzani wenzake mmoja mmoja, dakika zake zikamalizika kabla muguka haujatajwa.

Mwalimu akamrudishia karatasi, akampa kisa cha Mekatilili wa Menza, mwanamke shujaa wa Wagiriama. Mwaka 1913 mtawala Mwingereza, Arthur Champion, aliwataka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi za serikali. Husimuliwa kwamba Mekatilili alimwekea mbele kuku na vifaranga vyake, akamwambia ajaribu kuchukua kimoja. Champion akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Nawe ukiwagusa wanetu, yatakukuta hayo hayo. Dai, ushahidi na onyo, na hakuna fauka ya hayo hata moja. Wasimulizi wengine huongeza kwamba Champion alimpiga kuku yule risasi, jambo ambalo katika mdahalo wowote wa shule lingemkosesha alama.

Mvulana akaelewa. Jioni akasimama uani kujinoa kwa sauti: wakulima wa Embu huwalipia watoto karo kwa muguka, kaunti zenyewe hutoza ushuru magari yanayouleta, mahakama imeshasema lake. Alipofika kwenye "Na mimi, ndugu zangu, nasimama na muguka!" mama yake alikuwa nyuma ya ua wa makuti, akianua nguo.

Kikao kikaitishwa papo hapo: mama, mjomba, jirani ambaye hakualikwa, na hawe, kama Wagiriama wamwitavyo bibi. Mshtakiwa akajitetea kwa mpangilio. Kwanza, ni kazi ya shule. Pili, upande hakuuchagua. Tatu, mtafunaji gani hujitangaza uani? Akabashiri pingamizi lao, akalijibu kabla halijatolewa, kama alivyofundishwa, na hilo ndilo lililomponza.

"Mbona kila kitu una jibu lake?" mjomba akauliza. "Asiye na hatia hajiandai hivi."

Jirani akaafiki kwa kichwa. Mama akaanza kulia.

Hawe hakuhoji. "Hebu toa ulimi, mjukuu wangu."

Muguka huacha ukijani kinywani, na hilo kila mtu pale alilijua. Ulimi uliotoka ulikuwa mwekundu pyu, kazi ya mabuyu ya shilingi kumi aliyoyafyonza tangu kengele ya kutoka shule. Hawe akaukagua mbele na pembeni, akatangaza kesi imekwisha, kisha akauliza kama mabuyu yamebaki.

Upinzani ulishinda mdahalo kwa alama mbili. Mada ya muhula uliofuata ilibandikwa mlangoni wiki hiyo hiyo: "Mnazi uuzwe madukani kama bia." Mvulana amepangwa kuongoza watetezi, na safari hii amemwomba mwalimu amwandikie mama barua kwanza, yenye muhuri wa shule.