Kayaba Haina Mwenye Juu

Huko Hampton Court, pembezoni mwa London, kuna mzingile wa miti uliopandwa yapata miaka 300 iliyopita. Watu hukata tiketi ili wapotee ndani yake. Sisi wa Runyenjes, Embu, tunapotea bure.

Wetu haukuchorwa na mtu. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mashamba yalipokusanywa na kupimwa, watu waliambiwa wapande ua ili mipaka ionekane kwenye picha zilizopigwa kutoka ndegeni. Babu akapanda kayaba. Alipowagawia wanawe, kila mmoja akapanda yake, na wajukuu nao wakaongeza. Sasa kutoka barabarani hadi kwetu ni vichochoro vitupu, na vingine vinaishia kwenye zizi la mtu.

Kayaba asili yake ni kusini mwa Afrika, na jina lake limetokana na mto Kei. Miti dume haizai. Jike huzaa matunda ya manjano, makali kiasi cha kumfumba mtoto macho yote mawili. Miiba wanayo wote. Kuikata ndiyo kesi. Kila ndugu hukata upande wake tu, kwa sababu anayegusa wa mwenzake anasemekana anahamisha mpaka. Kule juu ndiko mpaka wenyewe ulipo, kwa hivyo hakuna mwenye ruhusa. Mvua za Machi zikishuka, kayaba inajipandia itakavyo, na Julai mti umeshakomaa, panga linadunda.

Kuna kijana wa kutukatia ua, tunayemlipa kwa hatua. Wakati wa kuhesabu malipo anatembea kama bibi harusi. Muguka anaoutafuna ukimkolea, ua alioanza kwa kuunyoosha unaishia na mawimbi. Matawi anayaacha njiani, na mwiba mkavu wa kayaba hauheshimu gambuti wala gurudumu. Wenye bodaboda siku hizi wanatushusha barabarani na kututakia heri.

Basi wakaja wageni kutoka Nkubu, Meru, kumposa dada yangu. Wazee wenye kofia na fimbo, akina mama wenye vikapu. Tuliwangoja, chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Mimi nikatumwa kuwatafuta. Niliwasikia kabla ya kuwaona: wanacheka, ng'ambo ya ua, nami sina pa kupenya.

Walikuwa kwa baba mdogo. Walikata kona moja mapema, naye akawapokea, akawakalisha, akawapa uji. Walipoeleza kilichowaleta, hakushangaa hata kidogo. Yeye pia ana binti. Mazungumzo yalikuwa yamefika kwenye mbuzi ndipo mzee mmoja akauliza jina la bibi harusi.

"Baba mdogo," nilimwambia nilipofika, shati limechanika, "wageni ni wetu."

"Mwanangu, nani amewanyima? Wamalizie uji kwanza."

Walifika kwetu jioni, wameshiba. Baba alipotaja idadi ya mbuzi, mzee wa Nkubu aliinamisha kofia na kusema kwa adabu kwamba hapo jirani ni wachache zaidi.